Fizi za Buluu na Chungu cha Akeyo

Sajini Odero alipofika kwenye laini za nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, juu ya Elburgon, alikuta kesi imekwisha kuamuliwa, na hakuna kitu alichokichukia kama hicho. Mpelelezi anayekuta kesi imekwisha ni sawa na bwana harusi anayekuta wageni wanajifuta midomo.

"Karibu, afande, ila umechelewa," alisema Kiprugut, nyapara wa laini, mtu wa kifua kipana aliyevaa koti la jeshi lisilo na vifungo. "Mtia sumu tumemfunga stoo ya misumeno. Kazi yako ni kumpandisha lori tu. Mbao zikimaliza kupakiwa, lori linashuka Nakuru."

"Mmemhukumu tayari?"

"Hapana. Hukumu ni ya serikali. Sisi tumemfunga tu."

"Asanteni kwa kuniachia kitu. Sumu gani?"

Kiprugut akamtazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya upepo. "Sumu ya kuua, afande. Kwani iko nyingine?"

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Tangu mvua za mwaka ule wa hamsini na nane zianze kuipiga milima ya Mau, laini nzima ilikuwa ikishika tumbo. Nyumba ilifuata nyumba. Wapasuaji mbao wenye mikono ya kung'oa kisiki walikuwa wanashindwa kushika kikombe. Viganja vilining'inia kama majani ya ndizi yaliyopigwa na jua. Nyakio, mtoto wa Wangare, aliyekuwa akikimbiza kuku wa kila mtu, alikuwa amelala ndani hana nguvu ya kumfukuza nzi. Watu wote walichota maji kwenye tangi moja la mabati lililokinga mvua ya paa la ghala. Na katika laini yote, nyumba moja tu haikuguswa: nyumba ya Omolo, mchochea moto wa boila, na mkewe Akeyo, ambaye mimba yake ilikuwa imefika pale ambapo mtu huketi kwa mipango.

Basi hesabu ikafanywa haraka. Anayepika sumu haionji. Akeyo akafungwa.

"Na huyu sajini ni mtu wa kwao," Wangare alisema kwa sauti ya kusikika, mikono kiunoni, macho mekundu kwa kukesha. "Leo tutaona kama pingu za serikali zinajua kabila."

"Pingu zangu hazijui hata mwenyewe, mama," Odero alijibu. "Mwezi uliopita zilinifunga mimi mkono na meza, ikabidi nikae hapo mpaka karani atoke kula."

Watu wawili watatu walicheka. Wangare hakucheka, na Odero hakumlaumu. Mfukoni alikuwa na agizo fupi la Inspekta wake lililopokewa kwa simu: lete mwanamke, lete sumu. Mwanamke alikuwapo. Sumu ndiyo haikuwa na uso. Lakini alijua vizuri kwamba kule chini mwanamke angetosha. Akishuka na lori lile, Akeyo angejifungulia rumande, na kosa la kutaka kuua kijiji kizima lilikuwa na kamba mwishoni mwake. Halafu kulikuwa na jambo jingine, ambalo Odero aliliona kwa macho yake pale pale: wanawake walikuwa wamepanga madebe penye bomba la tangi, wanachota na kuchekeana. Mchawi kafungwa, maji yamepona.

"Mnakunywa haya?"

"Sasa ni salama, afande," Kiprugut alisema, akateka kikombe na kukinywa chote mbele yake. "Yeye yuko ndani."

Odero alisukuma kofia nyuma, akaenda kumtafuta dresa wa zahanati.

Zahanati ya kiwanda ilikuwa chumba kimoja chenye benchi moja na Micah mmoja, kijana mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni, aliyejifunza kazi katika hospitali ya Nakuru. Rafu ilikuwa na bandeji, chupa ya iodini, na bati kubwa tupu.

"Bati la nini hilo, daktari?"

"Usiniite daktari, afande, wataniletea na ng'ombe. Hilo lilikuwa la chumvi ya haluli. Imekwisha. Nimeagiza nyingine, nayo imekwisha."

"Haluli si ya kufungua tumbo?"

"Ndiyo."

"Watu wamepewa sumu, na wewe unawapa dawa ya kuendesha?"

Micah alivua miwani. "Hapo ndipo mimi pia nimekwama. Sumu za kawaida ninazozijua, za panya, za josho la ng'ombe, na uchafu wa maji pia, zote humfanya mtu akimbilie chooni. Hawa hawaendi kabisa. Tumbo linasokota mtu analia, lakini limefungwa kama duka Jumapili. Nilimwambia nyapara hii haifanani na kutiwa sumu kwa siku moja. Akaniambia nipime bandeji zangu."

"Na mikono inayolegea?"

"Walisema ni pombe ya busaa."

"Wangare anakunywa busaa?"

"Wangare ni wa kanisa. Akisikia harufu ya busaa anaimba."

Kabla serikali haijamvisha Odero kaptura, dunia ilikuwa imemfundisha kazi nyingi, na karibu zote zilimfukuza. Moja ilikuwa katika chumba cha kupigia chapa mjini Nakuru, ambako alifagia chini ya wapanga herufi. Wazee wale walishika herufi za risasi mchana kutwa, wakala mkate kwa mikono ile ile. Walikuwa na matumbo yaliyofungwa. Mmoja wao alikuwa na kiganja kilichoning'inia. Na wakicheka, ungeona kitu fulani vinywani mwao.

"Micah," alisema, "niitie laini yote. Waje na vinywa vyao."

Mnada wa punda haujawahi kufurahisha kama foleni ile. Odero alisimama penye mwanga, akamwambia kila mtu avute mdomo wa chini, akachungulia. Mzee mmoja aliuliza kama serikali inatafuta jino lililopotea. Mwingine alisema ana meno matatu tu, je, alipe kodi ya nusu? Odero aliwachekea, lakini kila alipoinama kutazama, kicheko kilimwisha. Pale jino linapoingia kwenye nyama palikuwa na mstari mwembamba wa buluu iliyokoza, kana kwamba mtu amepita na kalamu ya wino usiku. Mpasuaji mbao, alikuwa nao. Mkewe, alikuwa nao. Wangare alikuwa nao.

"Nina nini?" Wangare aliuliza alipomwona Odero amekawia.

"Unacho wanachonacho wenzako. Si uchawi, mama. Ni madini. Risasi."

"Risasi?" Kiprugut aliruka. "Nani amepiga risasi hapa?"

"Si ya bunduki, nyapara. Madini yenyewe, yale ya kijivu, mazito. Yakiyeyuka kwenye maji huyaoni, huyasikii kwa ulimi. Yanaingia kidogo kidogo yanajenga nyumba. Hebu na wewe, funua."

Nyapara alisita kama bibi harusi, kisha akafunua. Fizi zake zilikuwa na mstari uliokoza kuliko wote.

Odero akalitia hilo akilini. Akamwita Omolo, ambaye alikuwa amesimama peke yake mbali na wenzake, masizi usoni, kofia mkononi. Omolo akavuta mdomo. Fizi zake zilikuwa nyekundu safi kama za mtoto mchanga.

Watu walinguruma. Ushahidi alioutafuta Odero ulikuwa umekuja na kuketi upande wa pili.

Stoo ya misumeno ilinuka mafuta na vumbi la mierezi. Akeyo alikuwa ameketi juu ya gunia, mgongo ukutani, miguu mbele. Alipoamkiwa kwa Kijaluo alijibu kwa Kiswahili.

"Sema Kiswahili, ndugu yangu. Wako nje wanasikiliza. Tukinong'ona kwa lugha ya nyumbani watasema tunagawana sumu."

"Haya. Maji ya kunywa mnachota wapi?"

"Kwa tangi. Kama wao."

"Chai?"

"Ya tangi. Maji yote ya nyumba hupitia chungu."

"Bwanako hunywa wapi kazini?"

"Hubeba chupa kutoka nyumbani. Kwa chungu changu. Anasema maji ya huko kwa boila ni ya moto moto, yanamchefua."

"Kwa hiyo yeye na wewe mnakunywa chungu kimoja tu, na chungu kinajazwa kutoka tangini."

"Ndiyo."

"Na ndani ya chungu kuna nini?"

Akeyo akatazama pembeni. Kwa mara ya kwanza Odero aliona uso wa mtu mwenye siri.

"Hakuna kitu."

"Dada, nje kuna lori. Mbao zimefika nusu. Ndani ya chungu kuna nini?"

"Utacheka."

"Nimetazama fizi tangu asubuhi. Kicheko kimekwisha."

Akeyo aliusugua mkono kwenye gunia. "Ni mawe. Kwetu mwanamke mwenye mimba hutafuna odowa, lile jiwe laini la sokoni. Tumbo linaliita. Huku hakuna. Nikapata mengine pale reli ilipokata kilima, chini ya Njoro, meupe meupe, mepesi. Mara ya kwanza Wangare na wenzake walinikuta nikitafuna, wakacheka mpaka wakakaa chini. Ati mke wa Omolo anakula nyumba. Basi nikaacha kutafuna mbele ya watu. Nikayavunja nikayajaza kwa chungu, nusu nzima, maji yakae juu yake. Ukinywa, unasikia ile harufu ya mvua ya kwanza ikipiga vumbi. Harufu ikiisha, nayatupa, naweka mengine. Omolo huyaleta kwa gunia akienda kuchukua makaa. Ni hayo tu. Ni ulafi. Unaweza kuuandika."

Odero hakuandika. Alitoka mbio kiasi cha kumkanyaga mtu aliyekuwa ametega sikio mlangoni.

Chungu kilikuwa mahali kilipoachwa, kwenye pembe yenye baridi ya chumba cha Omolo, kimefunikwa kwa sahani. Odero alitoa jiwe moja. Lilikuwa jepesi kuliko lilivyopaswa kuwa, limejaa vitundu vidogo visivyoonekana vizuri. Pembeni palikuwa na gunia la mapya, makavu. Aligusa moja kwa ncha ya ulimi, nalo likaung'ang'ania ulimi kama mkopeshaji.

"Micah! Hospitalini mlikuwa mnajuaje kama maji yana risasi?"

Dresa alikuna kichwa. "Kuna dawa moja, inanuka yai bovu. Ukiitonesha, risasi hugeuka kahawia, ikizidi nyeusi. Lakini hapa sina."

"Dawa ya yai bovu," Odero alirudia. "Si ndiyo ile Mzee Gachanja, mtengeneza ngozi, hunyonyolea manyoya, pale barabarani? Nilipita kwake asubuhi nikadhani amekufa na hajazikwa."

Micah akavaa miwani vizuri. "Ndiyo hiyo hiyo, afande."

"Panda baiskeli."

Dresa alipoondoka, Odero alisaga mawe mapya kwa nyuma ya shoka, akayatia kwenye chupa ya jemu, akajaza maji ya tangi juu yake. Akaitikisa, akaiweka dirishani. Alitikisa tena kila alipopita. Wapakiaji mbao walimwona wakaambiana kwamba huyo naye ameanza.

Micah aliporudi, jua lilikuwa limetoboa ukungu na lori lilikuwa limekaribia kujaa. Wakaweka meza uwanjani, upande ambao upepo ungechukua harufu kuipeleka msituni. Chupa za jemu zikapangwa. Odero aliteka mwenyewe maji ya tangi, Wangare akishuhudia. Ya chungu cha Akeyo akamwambia Wangare ateke kwa mkono wake, ili kesho asiseme jambo. Nyingine wakakinga kutoka kwenye gata, maji ya paa kabla hayajaingia tangini, maana kimvua kilikuwa kimepita.

"Dawa hiyo itaonyesha kutu tu," Kiprugut alisema. "Tangi ni la chuma. Kila chuma kina kutu. Utamfungua mtu kwa sababu ya kutu?"

Odero alimgeukia Micah, na Micah, badala ya kujibu, akaenda kwenye pipa kuukuu la kuzimia moto, lililooza kwa kutu, akajaza chupa. Akaitonesha dawa. Maji yakawa meusi papo hapo, na harufu ikawarudisha watu wa mbele nyuma.

"Nilisema!" nyapara alipiga mapaja. Watu wakacheka kwa dharau, mtu akapiga mluzi.

"Ngoja kwanza," Micah alisema, akamimina siki kidogo kwenye chupa ile. Weusi ukafifia, ukawa moshi, ukaisha. "Kutu haivumilii siki. Risasi inavumilia. Kwa hiyo nitatia siki katika zote, kwanza, ndipo dawa."

Hata wapakiaji waliweka mbao chini.

Maji ya gata: siki, tone, na yakabaki maji. Maji ya chungu cha Akeyo: siki, tone, maji. Kisha maji ya tangi. Tone lilipoingia, uzi wa kahawia ulishuka katikati ya chupa, ukajikunja, ukatanda. Micah alitikisa. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyoivishwa na mtu asiye mbahili, na siki haikuyafanya kitu.

Mama mmoja alimwaga debe lake pale pale miguuni.

"Haya," Odero alisema. "Sumu mmeiona uso wake. Na chungu cha Akeyo hakina."

"Basi ndiyo!" Wangare alisema. "Si umeonyesha mwenyewe? Tangini kuna sumu, chunguni hakuna. Alijua kuna sumu tangini, akaweka dawa yake kwa chungu chake. Mtu akijifunika mwavuli kabla ya mvua, si yeye alijua mvua inakuja?"

Watu wakamuunga mkono kwa kishindo. Odero alimtazama mwanamke yule kwa heshima ya kweli. Angevaa lile joho jeusi la mahakamani, mawakili wa Nakuru wangelala njaa.

"Umesema vizuri kuliko mimi," alimwambia. "Sasa nisaidie zaidi. Maji ya paani hayana. Ya tangini yanayo. Kwa hiyo risasi inaingilia wapi?"

Wangare akafikiri. "Ndani ya tangi."

"Nami nasema hivyo. Nani ana ngazi?"

Ngazi ililetwa. Odero alipanda, akafungua kifuniko, akaingiza kichwa na tochi. Mwanzo aliona giza na majani ya mierezi yaliyooza juu ya maji, yanayotoa uchungu wa puani. Akasogeza mwanga kwenye ukuta. Kila mahali bati lilipoungana na bati, kutoka juu mpaka chini, kulikuwa na mstari mnene wa nyekundu, umepakwa kwa kidole, kwa uangalifu, kama siagi ya mtu anayependa mkate. Sehemu za chini, zilizolala kwenye maji, ulikuwa umechujuka.

Alikwangua kwa kisu, akashuka, akaitia ile nyekundu ndani ya siki. Micah akaitonesha. Chupa ilikuwa nyeusi kabla tone halijafika chini.

"Nani aliliziba tangi hili?"

Watu wote walijaribu kutotazama upande mmoja. Odero hakuuliza tena. Alimwonyesha Omolo ile nyekundu kwenye kisu.

"Hii unaijua?"

Omolo aliinusa. "Ni ile rangi ya kuzibia maungio ya boila, afande. Nzito, inakuja kwa mkebe. Ina mafuta. Ikikauka hata mvuke haipiti. Lakini mimi huitumia kwa mabomba ya moto tu. Na mkebe hukaa kwa nyapara."

Kiprugut alikuwa amekwisha kuketi kwenye rundo la mbao. Kifua chake kipana kilikuwa kimeshuka kama godoro lililotolewa pamba.

"Wakati wa kiangazi tangi lilivuja," alisema polepole. "Mliteka maji mtoni, mbali. Wanawake walilalamika kwangu kila siku. Bwana mwenye kiwanda hakutaka kununua jingine. Nikasema: kitu kinachozuia mvuke, kitashindwa na maji? Nikachukua mkebe bila kumwambia Bwana. Nikaingia ndani mwenyewe, nikapaka kwa kidole. Mvua ikaja, halikuvuja tone. Mlinipigia makofi. Wewe Wangare ulinipikia irio."

"Na watu walipougua?"

"Sikufikiri, afande! Ilikuwa imekauka kama jiwe. Boila iko nayo miaka yote, haijaumwa."

"Boila haina tumbo, nyapara."

Mtu mmoja alisema apigwe. Mwingine akashika gongo. Odero alijitia katikati bila haraka.

"Mmeona fizi zake. Ndizo za buluu kuliko zenu zote, na asubuhi hii amekunywa kikombe kizima nikimtazama. Mtia sumu hainywi. Ujinga ndio hunywa, tena huomba kingine. Ataandika maelezo yake kwangu, na Bwana wake pia atayaandika, kwa nini tangi lilivuja kiangazi kizima. Lakini kamba haimo hapa."

"Na chungu?" Wangare aliuliza. Safari hii hakuuliza kwa ukali. "Kama hakuweka dawa, kwa nini chungu chake kilipona?"

Odero alienda dirishani, akaileta chupa yenye mawe yaliyosagwa. Maji juu yake yalikuwa yametulia. Micah aliyachuja kwa kitambaa, akatia siki, akatonesha. Watu walisogea mpaka meza ikalia. Maji yalibaki maji. Ni yale yale ya tangi, yale ya rangi ya chai.

"Jiwe limeila," mzee mmoja alinong'ona.

"Limeishika," Micah alisema. Alikuwa anatabasamu mpaka miwani ikapanda. "Ni majivu ya milima iliyolipuka zamani, yakageuka jiwe. Vitundu vyake vinaikamata risasi vinaiweka ndani. Lakini subirini." Akachukua jiwe kutoka chini kabisa ya chungu, lililokuwa limekaa humo, akalifanyia vile vile kwa maji mengine ya tangi. Tone likaleta ukahawia hafifu. "Mnaona? Hili limeshiba. Halina nafasi tena. Angeacha mawe yale yale mpaka leo, naye angekuwa na fizi za buluu. Alikuwa anayatupa mapema."

"Kwa sababu harufu iliisha," Odero alisema. "Dada yule hakujua risasi ni nini. Alitaka kusikia mvua ya kwanza. Na alificha kwa sababu kuna watu walimcheka."

Wangare aliinamisha macho.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Odero alivunja bomba la tangi kwa shoka, asije mtu akasahau. Akatuma vijana mtoni na madebe, na Omolo na wenzake watatu waende reli na magunia, wachimbe mawe. Micah angetoboa pipa jipya, alijaze mawe yaliyovunjwa, na kila siku alipime kwa tone mpaka maji safi yapatikane kwa njia nyingine. Nyapara aliagizwa kuyabeba madebe ya kwanza begani mwake mwenyewe. Hakubisha.

"Na lori?" dereva aliuliza. "Mimi niliambiwa kuna mahabusu."

"Kuna wagonjwa. Shusha mbao za nyuma, tandika blanketi. Nyakio kwanza, na wale wa mikono. Hospitali wanayo dawa ya kuitoa risasi mwilini, na mtoto bado mdogo, mwili wake una nafasi ya kujirudia. Nitamwandikia Inspekta kwamba mwanamke sikumleta, lakini sumu ninayo, tena chupani."

Akaenda stoo akafungua kufuli. Akeyo alitoka taratibu, mkono mmoja kiunoni, akikunja uso kwa jua. Hakumuuliza mtu kitu. Alipita kati ya watu, wakampisha, wengine wakitazama viatu vyao na wengine miguu yao mitupu, akaingia nyumbani kwake.

Wangare alikuwa tayari amepanda lorini, Nyakio mapajani, amefunikwa shuka. Mtoto alisema ana kiu. Madebe ya mto hayakuwa yamerudi. Wangare alitazama huku na huku, kisha akamwachia mtoto mwanamke mwenzake, akashuka, akavuka uwanja wote mbele za watu, akasimama mlangoni kwa Omolo.

"Hodi."

"Nani?"

"Mimi. Mama Nyakio. Mtoto anataka maji."

Akeyo alijitokeza na kikombe cha bati kilichojaa, kinachotona. Na kwa kuwa amelelewa, na mwenye kukaribisha ndiye huonja kwanza ili mgeni aone hakuna ubaya ndani, alikiinua kukipeleka mdomoni mwake mwenyewe.

Wangare akamshika kifundo cha mkono.

"Wacha," alisema. Akakichukua kikombe kabla hakijaguswa na mdomo wowote, akanywa funda moja, akakishika kwa mikono yote miwili, akaanza kurudi lorini akitembea polepole asimwage hata tone.

"Wangare!" Akeyo aliita nyuma yake. "Nakuru ni mbali. Rudi na chupa, ujaze!"